Goti Langu Ndani ya Kanda

Mwanangu wa mwisho hawezi kukaa chumba kimoja na saa ya ukutani. Akija kwangu, kabla hata mkoba haujagusa kiti, anaishusha saa yangu, anaizungushia shuka na kuitia kabatini chini ya mablanketi. Ndipo anasema, "Shikamoo mama." Jirani yangu alipoona ukuta mtupu aliniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia saa imekwenda kumsalimia dada yake. Akaamini. Jirani huyo ukimwambia mwezi umeanikwa uani atakuja na beseni.

Mtoto huyu hakuzaliwa mwoga. Nyumbani tulimbandika jina la Kupe, kwa kuwa akishika haachii. Siku moja, hajaota hata magego, alishika mkia wa beberu la mjomba wake. Beberu likatimka. Likavuka bonde, likavuka mto, likavuka mpaka wa nchi, na askari wa mpakani akalisimamisha akitaka hati. Beberu halina, Kupe hana. Ikabidi warudishwe wote wawili, mtoto bado kaung'ang'ania mkia. Mjomba mtu anaibisha hadithi hii, lakini mjomba mtu siku ile alikuwa amelala.

Sasa Kupe ni mwanamke mzima mwenye miwani na mvi za kuhesabika, na kazi yake ni kutunza picha za hospitali kubwa. Usidhani ni albamu. Ni zile picha unazopigwa ukabaki uchi wa mifupa: vifua, vichwa, viuno, magoti. Zamani ulipewa yako kwenye bahasha ya kaki, ukaenda kuilalia chini ya godoro. Siku hizi hazishikiki. Zinaingia kwenye mashine, na mashine ziko katika chumba nyuma ya maabara chenye baridi isiyo na adabu. Nilipiga chafya mle ndani, chafya ikaganda hewani, ikaanguka sakafuni, ikavunjika.

"Mama, hukupiga chafya yoyote," Kupe alisema.

"Ulikuwa umegeuka."

Mashine zenyewe ni nne, zimesimama bega kwa bega, zinapumua kwa mafeni. Kupe alinieleza kwamba hao ni ndugu wa nyumba moja. Kila mmoja ana maghala yake, lakini daktari akitaka picha hahitaji kujua iko kwa nani; anabisha hodi kwa jina la ukoo, na aliye nayo anaitoa. Mmoja akiugua, mwenzake anabeba mzigo. Mmoja akielemewa, ghala lake linahamishiwa kwa mwingine kimyakimya, daktari hata hajui.

"Ndugu wa aina hiyo mbona mimi sikupewa?" nilimwuliza.

Pembeni mwa ndugu hao kuna kabati la kioo, na ndani yake mkono wa chuma unaopanda na kushuka peke yake. Hiyo ndiyo roboti ya kanda. Kila juma inachukua kanda, inaipachika kwenye mashine ya kuandikia, inanakili yaliyomo maghalani, kisha Kupe anazitoa kanda na kwenda kuzifungia kwenye chumba kingine kabisa, mbali na umeme. Mara ya kwanza nilimcheka. Mashine zote hizi zinazometameta, bado mnahangaika na kanda kama za nyimbo za harusi yangu!

"Mama, mashine iliyo hai huugua," alisema. "Kanda ikishatolewa haijaungwa na kitu. Mwizi wa mtandaoni haifikii, umeme ukiruka hauiunguzi. Imelala tu, inangoja siku mbaya."

"Akiba ya njaa."

"Hiyohiyo."

"Basi sema hivyo, usinizungushe."

Akiba isiyokaguliwa huliwa na fukusi, na hilo Kupe alilijua. Kila Ijumaa alitoa kanda moja, akairudishia mashineni, akavuta kutoka humo picha moja aone kama inafunguka. Alikuwa anaonja, kama mpishi. Lakini picha ya nani? Kuchungulia mwili wa mgonjwa asiyekuhusu ni utovu wa heshima, na pale ni kosa la kufukuzisha kazi. Ndipo akaja kwangu kuniomba ruhusa. Nilikuwa nimepigwa picha ya goti miaka kadhaa nyuma, nikamwambia chukua, lione lote, goti hilo limekulea. Kwa hiyo kila Ijumaa goti langu lilifufuka kutoka kwenye kanda, likamchekea, naye akaenda nyumbani kwa amani.

Mwezi mmoja nikaumia tena. Nilikuwa nampiga teke fahali aliyeingia jikoni kwangu. Binti yangu mkubwa atakwambia nilianguka kutoka kwenye stuli nikichungulia kwa jirani, usimsikilize. Nikapigwa picha mpya, na baada ya majuma kadhaa nikaitwa kusikia majibu.

Asubuhi hiyo benchi la nje ya chumba cha picha lilijaa. Nilibanana na mama mmoja mshonaji, vidole vyake vimejaa alama za sindano. Alikuwa na uvimbe kwenye pafu, yuko kwenye dawa.

"Leo daktari anailinganisha picha ya mwanzo na ya sasa," aliniambia. "Kama umepungua, tunaendelea. Kama haukupungua, wanabadilisha dawa kabla sijachelewa, bibi. Ndiyo maana tangu jana maji hayapiti."

"Mimi nimekuja kwa goti tu," nikasema, nikaona haya kidogo.

Kupe akatokea, akaniona nimepinda kama kulabu kwenye lile benchi gumu, akanichukua nikamsubirie ofisini kwake. Ofisi hiyo ni kichumba kilichopakana na chumba cha baridi, katikati kuna ukuta wa kioo. Nikawaona wale ndugu wanne. Kwa ndugu wa pili, kati ya taa nyingi za kijani, ilikuwepo moja nyekundu.

"Mbona yule ana jicho jekundu?"

"Diski moja ya kuhifadhia picha imekufa jana. Ya akiba imeingia mahali pake, inajazwa. Huwa zinakufa, mama. Usihofu."

Yeye mwenyewe hakuwa na hofu. Alinimiminia chai, akaniuliza habari za jirani. Mimi nikachoka kukaa bure.

"Hebu nionyeshe unavyonifufua," nikamwambia.

Akacheka. Akaiita roboti kutoka mezani kwake. Nyuma ya kioo mkono ukapanda, ukachukua kanda ya juma hilo iliyokuwa bado kabatini. Tukangoja. Goti langu likatokea kwenye kioo cha kompyuta, jeupe, limekaa vizuri.

"Hilo si langu," nikasema.

"Ni lako, mama. Jina lako hili."

"Hilo ni la zamani. Nililivaa nikiwa msichana mwenye wajukuu saba tu. Mimi nataka hili jipya lililopambana na fahali."

"Mama, goti ni goti."

"Kwa hiyo ukienda kwa fundi viatu ukakuta kakupa kile cha mwaka juzi, utasema kiatu ni kiatu?"

Alinijua. Nisingenyamaza. Akaandika jina langu na mwezi niliopigwa picha. Kompyuta ikafikiri, ikasema haipo. Akatabasamu, akasema atakuwa amekosea mwezi. Akaandika tena. Haipo. Akatoa miwani, akaifuta, akaivaa. Akajaribu jina la mtu mwingine yeyote wa mwezi ule, bila kuifungua picha, aone tu kama ipo. Haipo. Mwezi wa nyuma yake. Haipo. Wa nyuma zaidi. Hakuna kitu. Hakuna hata jino la mtoto.

Sijawahi kumwona mtu akitoka jasho jirani na baridi ile. Lilimtoka shingoni, likashuka mgongoni, blauzi ikagandamana na ngozi. Akawa anasema kwa sauti ndogo, wala hasemi na mimi: "Sikuiambia. Sikuiambia. Nilizihamisha nikasahau kuiambia."

"Nini? Umehamisha nini?"

Akanieleza. Waya wa roboti umechomekwa kwa ndugu wa kwanza. Siku Kupe alipoipanga kazi ya kunakili, aliiamuru: nenda kwa ndugu wa kwanza, chukua kila alicho nacho. Wakati huo picha zote zilikuwa kwake. Baadaye ndugu wa kwanza akaelemewa, na Kupe kwa mkono wake akalihamishia ghala la picha mpya kwa ndugu wa pili. Roboti haikuambiwa. Kila juma ilikwenda kulekule, ikauliza una nini, ikanakili alichokuwa nacho, ikaandika: kazi imekamilika. Na kweli ilikuwa imekamilika. Goti langu la zamani lilibaki kwa ndugu wa kwanza, kwa hiyo kila Ijumaa aliyeonja alionja chungu kilekile, huku cha pili hakijawahi kuguswa.

"Kwa hiyo zile picha mpya zote, nakala yake iko wapi?"

"Haipo."

"Ziko kwa yule mwenye jicho jekundu tu?"

Akaitikia kwa kichwa, na hapo ndipo tulipousikia mlio. Tak. Tak. Tak. Ulitoka upande wa kioo, mlio mdogo mkavu kama mtu anayegonga ukucha juu ya bati. Kupe alifungua mlango wa chumba cha baridi, akasimama mbele ya ndugu wa pili. Nikamfuata, hakuna aliyenikataza. Tak, tak, tak, kisha kimya, na jicho la pili jekundu likafunguka mbele yetu.

"Mama, anavumilia diski mbili zife," alininong'oneza, kama vile mashine ingetusikia. "Zikiwa mbili bado anaweza kukisia kilichokuwemo. Ikifa ya tatu kabla zile mpya hazijajaa, ghala zima linakuwa makapi."

Mimi nimewahi kukutana na simba mwenye vichwa viwili nikamzaba kofi kila kichwa. Ni kweli. Lakini pale magoti yangu yote mawili, la zamani na jipya, yaligongana. Nikamkumbuka mshonaji kwenye benchi na maji yasiyompita kooni.

Kupe akampigia mkuu wake. Akaja mbio, mtu mnene mpole, tai imegeukia mgongoni. Aliposikia, alikaa kwenye kiti changu bila kuangalia, chai yangu ikamwagikia suruali yake asijue.

"Zihamishie kwa ndugu wengine," alisema.

"Wameshiba. Hakuna mwenye nafasi. Kimebaki kuandika kwenye kanda, sasa hivi. Lakini kusoma ghala lote ni kumkimbiza mgonjwa, mkuu. Anaweza kufia njiani."

"Usipomkimbiza?"

"Anaweza kufia hapohapo, na kila kitu."

Mkuu akafunga macho. "Kimbiza. Lakini kimya kimya. Tukimaliza salama nani atajua?"

"Haiwezekani. Madaktari wote wanafungua picha kwake muda huu, na mpya zinaingia. Wasimamishwe wote abaki na pumzi ya kuandika kanda tu. Na nitawasimamishaje bila kuwaambia sababu?"

"Ukiwaambia sababu, dada yangu, kesho hapa kazini sikuoni. Na mimi nyuma yako."

Kupe akanitazama mimi. Alinitazama kama siku ile alipokuwa kaushika mkia na mto uko mbele yake. Nilitaka kumwambia nyamaza, mwanangu, una watoto. Neno lilifika hadi kwenye meno. Nikatoa lingine.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nikasema, "na ninyi mko hospitali!"

Akatoka. Hakukimbia, alitembea kama mtu anayebeba beseni la maji lililojaa. Mlango wa daktari mkuu wa picha ulikuwa wazi, na kwa sababu mimi ni mzee nilipita bila hodi. Ni mwanamke mwembamba, hacheki, wauguzi wanamwita Wembe. Kupe alisimama mbele yake, mikono nyuma kama mwanafunzi, akasema yote. Hakusema "ilitokea". Alisema "mimi nilihamisha, mimi sikubadilisha, na nilikuwa naonja picha ileile."

Wembe hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali apaze.

"Unajua nani wamo mle?"

"Ndiyo, daktari."

"Hujui. Mimi ndiye najua." Akainuka. "Simamisha kila kitu. Kanda isianze na wa Jumatatu ikafuata Jumanne. Ianze na walio kwenye matibabu ya uvimbe. Picha zao za mwanzo hazipigiki tena. Mwili wa siku ile umeshapita. Meno, mikono, magoti wangoje."

"Magoti?" nikasema.

"Nani huyu?"

"Ni goti, daktari," alisema Kupe. Naapa alisema hivyo, kwa hofu.

Tukarudi. Sasa ikabaki kuipanga upya kazi, na hapo mwanangu akiandika herufi moja zinatoka tatu. Ilibidi roboti isibishe tena kwa ndugu wa kwanza, ibishe kwa jina la ukoo, ili anachokitoa ndugu yeyote kipitie ndani kwa ndani mpaka kwenye waya. Akabadilisha. Roboti ikakataa. Jina la ukoo lilitaka neno la siri jipya. Akalitengeneza, akalikosea kuliandika, ikakataa tena. Nyuma ya kioo, tak.

Hapo mkuu alianza kusali kwa sauti. Mimi nilimwekea Kupe kiganja begani, si kwa kumpa nguvu. Nilitafuta pa kushika.

"Kuna mahali bado imeshika jina la zamani," alisema. "Iko wapi, iko wapi..." Akashuka na kidole kwenye kioo cha kompyuta, mstari kwa mstari. Akaliona. Akalifuta. Akabonyeza.

Mkono wa chuma ulikaa kimya. Kisha ukapanda, ukachomoa kanda, ukaipachika. Kwenye kompyuta jina la ghala la picha mpya likatokea kwa mara ya kwanza kwenye orodha ya yanayonakiliwa, na nyuma yake namba zikaanza kupanda polepole kama konokono mwenye ujauzito.

Kutoka hapo hakukuwa na kazi ila kusikiliza. Wengine wanasema kuogopa ni kelele. Mimi nakwambia kuogopa ni watu watatu katika kichumba, wanangoja ukucha ugonge bati. Tak. Namba zinapanda. Tak, tak. Kupe alikuwa ameshika ukingo wa meza kama mkia wa beberu. Chai yangu ya pili iliganda ukoko. Nje, muuguzi alikuwa akiwaambia wa benchini kwamba leo picha zimesimama, na watu wanauliza kwa nini, na sauti ya mshonaji nikaisikia ikiuliza kuliko zote.

Kanda ya wagonjwa wa uvimbe ilijaa, mkono ukaitoa. Kupe akaomba jina moja tu, la mshonaji, kwa idhini ya Wembe, akaliangalia kama limeingia. Limeingia. Picha ya mwanzo na ya sasa, zote mbili. Akaegemeza paji la uso kwenye meza. Kanda ya pili ikapachikwa, ikaanza na waliovunjika.

Haikufika mbali. Jua lilikuwa limeanza kulegea dirishani wakati ule mlio ulipoharakisha, tak-tak-tak-tak, kama mtu anayekimbia ngazini, halafu ukakatika. Jicho la tatu. Namba zikasimama. Ndugu wa pili akalifunga ghala lake, na hakulifungua tena mpaka leo.

Meno yakapotea, mikono ikapotea, na goti langu lililopigana na fahali likapotea pia, ndiyo maana sina ushahidi. Tulipigwa picha upya, tukanung'unika, tukapona. Wembe alimwita mshonaji jioni ileile, akaziweka sambamba picha zake mbili zilizotolewa kwenye kanda. Uvimbe haukuwa umepungua. Dawa ikabadilishwa siku hiyohiyo. Alitoka machozi yanamtiririka, akanishika mkono kwa vidole vyake vyenye alama za sindano, akasema, "Bibi, afadhali nimejua." Hakujua alikuwa ameponea wapi, na mimi, kwa mara moja maishani, sikusimulia.

Kupe aliitwa mbele ya wakubwa. Mkuu wake, aliyetaka kimya, alikwenda naye bila kuitwa, na walipouliza nani alikosea akasema "sisi". Walimpa barua kali, hawakumfukuza. Wembe ndiye aliyekataa. Alisema anayemfuata atajifunza kosa hili kwa wagonjwa wengine.

Siku hizi goti langu limestaafu. Kila Ijumaa Kupe anakwenda benchini na kuomba ruhusa ya mtu mmoja, kila juma mtu mpya, wa ghala lingine. Watu wanaogopa kukubali. Nikiwepo namsaidia.

"Nani anataka kufa na kufufuliwa kabla ya chakula cha mchana?" nauliza. "Haina maumivu. Mimi nimefufuliwa mara mia, ona nilivyo!"

"Mama, kaa chini," ananiambia. Lakini siku zote anapatikana mmoja.

Akiniaga jioni nasikiliza mpaka hatua zake ziishe. Ndipo naitoa saa kabatini, naifunua ile shuka. Haigongi tak; betri niliitoa mwenyewe zamani, usiulize kwa nini. Naifuta vumbi, naitundika tena ukutani.